Alama ya Kalamu kwenye Futi

Ziwani, Mtwara
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Tumpe,

Ugonile, mdogo wangu? Umeamkaje, na miguu leo imevimba au imekuhurumia? Mama ananiambia kwenye simu kwamba unakula vizuri, lakini mama tangu lini akasema mtoto wake hali? Niambie mwenyewe. Niambie pia kama ile mashine ya kusafisha damu bado inakuachia baridi ya mifupani, na kama bado mnatoka Tukuyu alfajiri kwenda Mbeya na kurudi jioni, wewe umeegemea dirisha na mama amebeba mkoba wa dawa. Mimi natembea, nafundisha, nakula kidogo. Mengine yako chini, usiyakimbilie. Soma kwa mpangilio.

Najua unashangaa barua ya nini siku hizi. Wiki hii umenipigia mara tatu, na mara zote tatu nimekwambia mtandao wa Ziwani unakatika. Nilikudanganya, Tumpe. Mtandao ulikuwepo, tena wa kutosha. Nilikuwa naisikia sauti yako ikiuliza, "Dada, wamesemaje Dar?" na mimi napiga kelele "Haloo! Haloo!" kama mwendawazimu, kisha nakata. Kwa hiyo nimeandika, na mwalimu mwenzangu wa Kyela anayekwenda likizo atakuletea mkononi.

Ngoja nianzie pale kwenye benchi, maana bila lile benchi hakuna habari.

Unakumbuka mwaka jana, msimu wa korosho unaanza, tulipokutana Dar pale hospitali. Kaka Lusajo damu yake ilishakataa kulingana na yako, mama umri umekwenda, watoto wa baba mdogo simu zao tunajua zinavyoita bila kupokelewa. Nikabaki mimi, bonge la ukoo. Daktari akanipandisha mizani, akanipima presha, akafunga faili. "Mwalimu," akasema, "kwa mwili huu hatuwezi hata kuanza vipimo. Punguza kilo kumi na tano, presha ishuke, ndipo urudi tuone kama figo yako moja inaweza kwenda kwa mdogo wako." Nikatoka nje nimenuna. Wewe ulipokuwa umekaa kwenye benchi, uso umejaa maji, ukacheka! Ukatoa futi yako mkobani, maana fundi cherehani wewe hata hospitali unatembea na futi, ukanizungushia kiunoni mbele za watu, ukaweka alama ya kalamu ya bluu. "Dada, ukifika hapa, njoo. Mimi nakusubiri hapahapa." Ukanipa futi nije nayo Mtwara.

Basi nikaanza. Nikaacha bodaboda, nikawa nakwenda shule kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, wanafunzi wananipita wanaulizana mwalimu amefilisika au vipi. Nikaacha soda, sukari kwenye chai, vitumbua vya asubuhi. Ugali wa muhogo nikaupunguza mpaka ukawa sawa na ngumi yangu. Kila Jumapili nikitoka kanisani najifungia, nazungusha futi. Wiki ya kwanza imeshuka kidogo, ya pili kidogo. Halafu ikagoma. Mwezi mzima ikagoma, tena wiki moja ikapanda! Nilikaa kitandani nikalia, kisha nikamlaumu Mungu, kisha nikakulaumu wewe kwamba futi yako imenyooka kwa kuzeeka. Nisamehe.

Nikaenda zahanati. Muuguzi, dada mmoja wa Nanyamba asiyecheka ovyo, akaniambia nitaje kila kinachoingia kinywani. Nikataja, najisikia mtakatifu. Akauliza, "Na korosho?" Nikamwambia, "Aa, korosho si chakula, dada, korosho ni za kutafuna tu." Tumpe, huku msimu ukifika kila mzazi analeta. Huyu kikapu, yule kopo. Nilikuwa nasahihisha madaftari na bakuli liko kando, daftari moja korosho tatu, na madaftari ni ya darasa zima. Kwetu korosho moja tunaigawana kama keki ya harusi, mimi ningejuaje? Muuguzi akaweka kalamu chini. "Mwalimu, umeacha vitumbua ukahamia kwenye mafuta matupu. Hiyo ni miezi miwili umepoteza." Miezi miwili! Wewe huko unahesabu vikombe viwili vya maji kwa siku, na mimi natafuna muda wako huku nasahihisha hesabu za kugawanya.

Makopo yote nikayagawa siku ileile. Na hapo ndipo mwili ukaanza kuondoka kweli, na maneno nayo yakaanza. Mwenye nyumba wangu, Bi Somoe, mama wa Kimakonde aliyenipangisha vyumba viwili, akaniita uani, akashusha sauti. "Mwalimu, nnakuona unakwisha. Kama ni ule ugonjwa, dawa zipo, tena bure, watu wanazeeka nazo. Usione haya."

"Bi Somoe, mimi siumwi."

"Wote husema hivyo. Kula hii." Akanisogezea bakuli la wali wa nazi na kipande cha nguru. Kukataa chakula cha mtu huku ni kumtukana, nikaona heri nimweleze. Akanisikiliza mdomo wazi. "Figo? Unakatwa nyama yako mwenyewe unampa mtu?"

"Si mtu, Bi Somoe. Ni mdogo wangu wa tumbo moja."

Akalivuta bakuli lake. "Basi hili nnakula mwenyewe." Kesho yake kabla jua halijachomoza, hodi mlangoni, ameshika majembe mawili. "Kutembea barabarani bure ni kumaliza viatu. Twende shamba." Toka siku ile kila asubuhi nalima naye kabla ya shule, na kila jioni ananiletea samaki wa chukuchuku, maji, chumvi na ndimu tu, kisamvu bila nazi, anasimama mlangoni kuhakikisha. Akikutana na watu wanaosema mwalimu ana ule ugonjwa, anawajibu, "Ana mdogo wake." Hawamwelewi, naye hawaelezi.

Maji nilikuwa nakunywa mengi, muuguzi alisema yanasaidia. Nikishika kikombe nakukumbuka wewe na kiu yako, naona haya hata kumeza.

Tumpe, nikafika. Jumapili moja mwezi uliopita nikazungusha futi, alama yako ya bluu ikakutana na mwanzo wa futi, sawasawa. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Ndiyo ile siku nilikupigia nikashindwa kusema nacheka tu, na wewe unacheka, mama nyuma yako anauliza kuna nini. Shule zilipofunga nikapanda basi kwenda Dar, nimevaa sketi imefungwa pini pande zote mbili.

Sasa hapa kaa chini. Kama mama yuko karibu, mwambie akuletee chochote kutoka nje.

Walinipima siku tatu. Presha imeshuka, wakanisifu. Mizani imeshuka, wakaita hadi wanafunzi wa udaktari waje wanione. Siku ya nne daktari akaniita ndani, akafunga mlango, na aliponiambia "Mwalimu, kaa," nikajua. Sukari ilishakaa mwilini mwangu miaka mingi, nami sina habari, nadhani ni uchovu wa chaki. Sasa imeshuka kwa sababu ya kulima na kutembea, lakini ilishafanya kazi yake. Figo zangu zinavuja. Zimeshaguswa zote mbili. Nikamwambia achukue hata iliyoguswa, afadhali iliyoguswa kuliko iliyokufa. Akasema, "Figo zako zinakutosha wewe, tena kwa kuzitunza. Hazitoshi kugawana." Nikamuuliza nikipungua tena kilo kumi je? Akatikisa kichwa. Nikauliza ishirini. Akafunga faili.

Siwezi kukupa, mdogo wangu. Ndiyo hiyo habari. Nimeizungusha kurasa zote hizi nikidhani nikifika mwisho itakuwa imebadilika.

Niliporudi Ziwani nilimweleza Bi Somoe pale uani. Akakaa chini kwenye mchanga, akasema, "Inna lillahi." Nikamkaripia, "Usiseme hivyo! Hajafa mtu!" Mama wa watu akaniomba radhi, akaenda kunipikia chai bila sukari. Kesho yake akaja na majembe yake, nikamwambia leo siendi. Kesho kutwa pia siendi. Siku ya tatu nikanunua chapati nne nikazila zote nimesimama palepale kwenye meza ya muuzaji, watu wananitazama, na kila tonge halina ladha. Daktari anasema nisiache kutembea wala nisirudie vyakula vile, kwamba nimejiokoa, kwamba ningechelewa mwaka mmoja zaidi na mimi ningekuwa kwenye mashine. Anasema kama ananipongeza. Nilitembea kwa ajili yako, Tumpe. Kila jasho lilikuwa na jina lako. Leo naambiwa faida yote nimeipata mimi, na sijui nifanye nayo nini.

Na kuna hili, sitaki libaki kichwani mwangu peke yangu. Wewe ulijua kabla ya madaktari wote. Kila Krismasi nilipokuja kushonewa ulikuwa unanizungushia futi na kusema, "Dada, mwaka huu nimekuongezea inchi mbili tena, utafika wapi?" Na mimi nakujibu, "Shona, fundi, usinihesabie chakula cha watu." Tunacheka, mama anaongeza ndizi. Miaka saba ulinionya ukiwa na pini mdomoni. Ningekusikia mwaka ule wa kwanza tu, nikaanza kutembea mwaka ule, leo ningekuwa na figo ya kukupa. Hili silisemi ili unitulize. Usinitulize. Nikasirikie hata kidogo, kwa sababu nikikusikia umenisamehe haraka nitashindwa kabisa.

Daktari anasema tutafute ndugu mwingine. Nimeandika barua ya pili kwa watoto wa baba mdogo, imo humuhumu, Lusajo aipeleke kwa mikono yake akae palepale mpaka waisome. Sina matumaini makubwa, sitakuficha, lakini apeleke.

Mama usimwambie mpaka nije. Atauliza, mwambie mtandao. Nilipangiwa kubaki na darasa la saba wanaojiandaa na mtihani, nami nikakubali upesi mno, kwa sababu niliogopa uso wako. Nimeandika mpaka hapa nikaona aibu. Kesho nakwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ruhusa, na akininyima nitamlilia ofisini kwake.

Nisalimie mama, mwambie magoti yangu hayaniumi tena, hiyo ni kweli na itamfurahisha. Msalimie kaka Lusajo dereva wetu, na mkewe anayekukanda miguu, Mungu amwone. Mchungaji mwambie asiache kuomba, ila aache kutangaza kanisani kwamba mambo yamekamilika. Msichana anayekusaidia pale kwenye cherehani mwambie avute subira na vifungo. Kwenye mfuko unaokuja na barua hii kuna korosho kilo mbili, ni za mama na Lusajo. Wewe umekatazwa, usionje hata moja.

Futi yako sijaiweka humo. Nilitaka kukurudishia, nikaikunja kwenye bahasha, nikaitoa. Leo nimejipima tena, alama yako ya bluu nimeipita kwa vidole viwili, hata baada ya zile chapati. Nitakuja nayo mwenyewe. Kile kitenge cha njano ulichonikatia kwa vipimo vya alama, hujakishona bado, najua, mikono inatetemeka. Kiache hivyohivyo, asikiguse mtu. Nataka unizungushie futi wewe, useme umepunguza inchi ngapi, unitukane kwa kuchelewa. Uliniambia pale kwenye benchi unanisubiri hapahapa. Basi nisubiri, Tumpe. Nimefika kwenye alama, sina nilichobeba, lakini nakuja.

Ni mimi dada yako, niliyekuwa bonge,

Sekela