Malkia Aliyemhamisha Mumewe

New Malden, London

Mama yangu, shikamoo.

Majani ya chai uliyotuma yamekwisha. Bibi Mkorea ninayemtunza ameyapenda kuliko mimi.

Jana nikimchana nywele alinisimulia habari za malkia wa kwao wa zamani. Mfalme alizikwa kando ya mke aliyetangulia, malkia akaona wivu, akamhamisha ili siku moja walale wawili. Kwao kaburi hutaka mlima nyuma na maji mbele, lakini pale maji yalikuwa karibu mno, pakafurika. Malkia akazikwa kwingine. Mfalme yuko peke yake mpaka leo.

Mama, Kaka Mwakio ameniambia unataka kumfukua Baba umpeleke shambani kwako bondeni, kwa kuwa mke mwenzako, Mama Mkubwa, amezikwa kando yake. Nakusihi, mwache.

Unakumbuka Mama Mkubwa alivyotufukuza tulipotaka kupanda migomba upande wa pili wa kaburi la Baba? Ulisema ana roho mbaya. Siku niliyosafiri kuja huku alinishika mkono akaniambia, “Pale ni pa mamako. Asije akakosa pa kulala.”

Mwanao akupendaye,
Mghoi