Upande wa Mlangoni

3 Machi

Mdogo wangu wa mlangoni,

Hujambo? Miguu inasemaje? Mimi mzima, ukiacha bega, sukari na upweke.

Nakaa ghorofa ya tatu kwa mwanangu. Alfajiri mkwe wangu ananivalisha gauni kabla hajaenda kazini, maana mkono wa kulia haupiti usawa wa kifua. Basi nakaa kitandani nimevaa kama bibi harusi, nangoja watu warudi jioni. Hakuna anayenitesa. Hakuna anayeongea nami pia.

Daktari anasema bega limeganda, na wenye sukari ya miaka mingi hupatwa nalo sana. Yule wa mazoezi akaniambia nishike shuka na mwenzangu, tuvutane polepole kila siku. Nilicheka mpaka akashangaa. Miaka ishirini na sita tumekunja mashuka ya hospitali, mimi dirishani, wewe mlangoni, leo nafundishwa kushika shuka! Mwenzangu ndiye sina. Ncha moja nimeifunga kwenye nondo za dirisha, na dirisha halina hadithi.

Nataka nivae mwenyewe, nirudi kwenye chumba changu huko uliko. Hilo tu.

Dada yako

20 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekalia kapu la nguo chafu. Miguu ni ile ile. Baridi yabisi haijakosa kazi hata siku moja, tofauti na msimamizi wetu. Wameleta mashine ya kukunja. Inakunja vizuri, ila haina umbea.

Sasa sikiliza. Msimamizi ameniachia shuka moja lililochanika, nimelikata katikati. Nusu yako hiyo hapo, pindo nimelishona mwenyewe. Kila siku saa kumi jioni vuta, nami huku navuta yangu. Taratibu, usijitie ujana. Mwishoni fanya kama zamani: wewe simama hapo hapo, mimi ndiye ninayetembea na ncha zangu kuja kwako.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Unaendeleaje? Mkono umefika sikioni! Kuna siku unauma mpaka machozi. Siku hiyo napumzika, kesho yake naanza upya. Juzi sukari ilishuka katikati ya zoezi. Nikakaa sakafuni natafuna peremende, natetemeka, nakusemesha wewe. Saa kumi ndiyo saa pekee ambayo siko peke yangu.

Unavuta kweli? Maana nahisi.

Dada yako

2 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Au nimekuudhi? Jana nimevaa gauni mwenyewe, hadi zipu. Mkwe alipoingia kunivalisha alisimama tu, kisha akasema vizuri mama, akawahi kazini. Nilitaka wewe ndiye uone.

Saa kumi nipo.

Dada yako

9 Septemba

Dada,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, vidole vimegoma. Nilikudanganya. Nilivuta wiki tatu tu. Tangu Aprili siko kazini. Baridi yabisi imeshika nyonga na mikono, asubuhi inanichukua saa nzima kuinuka kitandani. Nusu yangu ya shuka iko chini ya mto.

Ulipouliza kama navuta kweli, kuandika ndiyo kulinishinda, na kuandika hapana niliogopa utaacha mazoezi. Jirani ananiletea maji na dawa, anaondoka. Ikifika saa kumi naingiza mkono chini ya mto, nalishika tu.

Usiache, dada.

Mdogo wako

17 Septemba

Mdogo wangu,

Pole, mwongo wangu. Nimelia, halafu nimefungua fundo dirishani.

Mwanangu ameng'aka: safari yote hiyo, nani atakuangalia na sukari yako? Nikanyoosha mkono, nikaushusha mkoba wangu kutoka juu ya kabati. Ndani nimetia sindano zangu za sukari, peremende na nusu yangu ya shuka.

Nafika Jumamosi ya wiki ijayo. Tutavutana kidogo kidogo, kadiri vidole vyako vitakavyokubali. Siku vikikataa tutakaa tu, tusengenye mashine.

Mwambie jirani asifunge mlango kwa ufunguo. Ukisikia hodi, usiinuke. Miaka ishirini na sita wewe ndiye uliyetembea kuja kwangu. Safari hii shika ncha zako hapo hapo ulipo. Natembea mimi.

Dada yako