Nilijumlisha Badala ya Kuunganisha

Jumatatu, 3 Machi
Voi. Joto. Nimeweka programu mpya ya mradi wa maji wa Mboghoni, chai ikipoa hapa mezani. Mama Zawadi, mkulima wa nyanya, alitaka SMS maji yakikwama. Nikamwongezea. Mzee Mwadime, mtunza pampu, akapiga simu kuuliza kama bado azungushe vali kwa mkono. Nikamwambia asiguse kitu, mashine inajua. Nilimjibu kwa kiburi.

Alhamisi, 6 Machi
Nyanya za Mama Zawadi zimenyauka. Pampu inanguruma, shambani hakuna tone. Kamati ya mradi inasema mzee anauza maji pembeni. Fitina za watu wa maji. Nilicheka.

Ijumaa, 7 Machi
Ni mimi.

Kila agizo lina namba yake: washa pampu 4, funga vali ya shamba 2, tuma SMS 1. Ukitaka maagizo pamoja unayaunganisha kwa kile kistari kilichosimama (|), kinachoitwa OR kwenye programu, na ukirudia agizo hakuna kinachoharibika. Mimi nilitumia alama ya kujumlisha. Uvivu mtupu. Mama Zawadi alikuwa na SMS tayari kwenye orodha ya zamani, ila yeye hakujua: 4 na 1, yaani 5. Sikuangalia. Nikaongeza 1, ikawa 6. Sita ni 4 na 2. Pampu iwake, vali ifungwe, SMS isiende.

Nimerekebisha kimyakimya. Maji yanafika. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee amesimamishwa. Jumatatu wanamfukuza kabisa. Mama Zawadi amenipigia kunishukuru eti mashine yangu imerudisha maji. Nikaitikia. Mshenzi mimi.

Ameniambia walimuuliza mzee kwa nini hakufungua kwa mkono alipoona nyanya zinakauka. Hakunitaja.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia neno. Nikisema, kazi hii imekwisha na kodi ya nyumba sijui. Nisiposema, mzee anaitwa mwizi mpaka azikwe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimesema yote mbele ya kamati. Mama Zawadi hakuniangalia. Mimi nimefutwa, mzee amerudi.

Nilimfuata mzee kwenye pampu kuomba msamaha. Akasema tu, "Uliniambia nisiguse, mwanangu." Vali ya shamba la Mama Zawadi, pale kando ya pampu, ilikuwa na grisi mpya. Alikuwa akiipaka siku zote hizo, bila kuizungusha.