Hotuba Kakuandikia Nani?

Veerle shoga, uko hapo? Nimejifungia chooni, hapa hapa ukumbini Gent, nacheka huku naogopa kutoka.

Profesa Claerbout kasimama kuhutubia juu ya zile barua za mtawa wetu wa miaka mia saba iliyopita. Kaanza na madoido yake yale yale: "Mnisamehe, mimi ni mwanafunzi tu, sijui kitu."

Halafu anasema barua si za yule mama. ATI ni za padri wake! Ushahidi? Eti mama mwenyewe kaandika, "Mimi mwanamke mjinga, sijui kitu."

Ushahidi ndio huo, Veerle! Waandishi wa zama zile, wake kwa waume, walianza kwa kujishusha hivyo hivyo. Ni adabu, kama kupiga hodi. Mtu kasomea mambo haya hadi mvi zimemjaa, za bure!

Basi akainuka Sista Godelieve, mkuu wa watawa, kaegemea mkongojo wake. "Profesa mwanangu, nawe umetuambia hujui kitu. Sasa hotuba yako kakuandikia nani?"

Kakuandikia nani!! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata askofu alikuwa anafuta machozi.

Profesa hakucheka. Aligeuka akanikodolea macho mimi, msaidizi wake, mstari wa mbele, na watu wote wakafuata macho yake.

Wewe unajua nilivyoikeshea hotuba ile. Yote ni yangu, shoga, neno kwa neno. Cha kwake mle ni huyo padri tu.