Kifuu Kilichomfikia Baba

Kijiji cha Nakorovou,
S.L.P. 214,
Labasa, Fiji.
16 Juni 2019

Mpendwa Shangazi Vaciseva,

Mgongo umepoa? Mama anasema kuchuma stroberi huko Queensland kunawainamisha kutwa nzima. Sisi tu wazima, na Bibi leo amekula vizuri.

Shangazi, Baba yuko nyumbani. Alhamisi Mahakama Kuu ilikubali rufaa yake na kufuta kifungo cha miaka mitatu.

Unakumbuka hakimu wa kwanza alisema Baba alikula njama ya kuchoma katapila la kampuni ya mbao. Jirani yetu Samu alieleza mpango wake walipoketi kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na Baba akapiga kofi la desturi kwa viganja vyake, akapokea kifuu cha kava, akanywa. Hakimu akasema kupokea vile ni kukubali.

Mimi nilikuwa mlangoni na kitabu changu. Katika kesi ile nilieleza mahakamani kwamba kifuu kilikuwa kimeshajazwa kabla Samu hajafungua mdomo, na kwamba Baba alipomaliza kunywa alisema tu, "Mimi kesho napanda majimbi," akaondoka. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka nikaambiwa nirudie mara tatu.

Nisingeweza bila wewe. Uliniambia kwenye simu, "Usimtazame wakili, mwanangu. Nitafute mimi kwenye benchi la nyuma, kana kwamba nimekaa pale." Nililitazama benchi lile tupu mpaka nikamaliza.

Sasa jaji ameyaandika maneno yangu katika ukurasa wa tisa wa hukumu. Anasema njama ni makubaliano, na mtu aliyekaa, akasikia, akanywa zamu yake, hajakubaliana na yeyote. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi. Ahsante, Shangazi.

Samu bado yuko gerezani. Baba amesema atampelekea majimbi.

Jana mchana ndugu walikuja. Mjomba Sikeli akachota, akamnyooshea Baba kifuu. Mikono ya Baba ikabaki magotini. Tukangoja. Mjomba akasema, "Shemeji, piga kofi taratibu, usije ukatufungisha sote."

Baba akacheka, mara ya kwanza tangu alipofungwa Machi. Akapiga kofi moja, akanywa, akapiga matatu ya kumalizia, kama ilivyo desturi. Jikoni Bibi aliacha kuosha sufuria ili ayasikie yote.

Bibi Alumita, Mama, Mjomba Sikeli na mdogo wangu Tevita wanakusalimu. Mungu aulinde mgongo wako na akurudishe kwetu salama. Nafasi yako mkekani ipo.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye,
Mereseini