Mti wa Hondohondo

Shinyalu, Kakamega
Alhamisi

Kaka Shitanda,

Nakusalimu wewe, wifi Winrose na watoto hapo Lurambi. Kifua cha mdogo kimepona? Mama hajambo, ila mguu humsumbua mvua ikinyesha. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka. Simu zangu hupokei, kwa hiyo utanisoma.

Jana alfajiri niliwaingiza msituni wageni wangu, Mwalimu Kibiwott na mkewe, waliotoka Eldoret kuja kutazama ndege. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na majani yalitumwagia maji shingoni mpaka mama yule akacheka, akasema leo ameoga mara mbili. Nilikuwa nimewaahidi hondohondo. Niliwaeleza jinsi jike anavyojifungia ndani ya uwazi wa mti, akaziba mlango kwa udongo na kubakiza upenyo mwembamba, na dume akamletea chakula mpaka kifaranga kikue. Nikawaomba wanyamaze, mti uko mbele kidogo. Tulipofika, hapakuwa na mti.

Mbao zilikuwa zimeshapasuliwa na kubebwa. Kipande chenye uwazi kiliachwa kwenye tope, maana hakitoi mbao. Ukuta wa udongo ulikuwa bado mzima. Niliubomoa kwa vidole vyangu. Jike alikuwa amekufa, na kifaranga chini yake. Dume alikuwa kwenye mti wa jirani na tunda mdomoni, hajui ampe nani. Mwalimu alirudisha darubini yake kwenye begi, akaniambia kwa upole kwamba wameona vya kutosha.

Kabla ya kuondoka nilikitazama kisiki. Kilikuwa kimepakwa tope, vizuri kabisa, hadi kwenye mizizi, ili weupe wake usionekane kwa mbali. Shitanda, ni nani mwingine huku anayepaka kisiki tope? Wengine hukata wakakimbia. Marehemu baba ndiye aliyetufundisha, alipokuwa akikata miti ya shambani kwetu na hataki majirani waje kuomba kuni. Tulikuwa tukibeba tope wewe na mimi.

Na mti ule nilikuonyesha wewe peke yako, Pasaka. Ulimwona dume akilisha kwa macho yako mawili. Ukagonga shina, ukasema hapa kuna kitanda cha maana. Nilicheka! Nilidhani ni utani wako wa fundi. Huna haya, kaka. Kweli huna haya.

Jioni askari wa msitu walikuja kutuuliza sisi waongoza wageni. Wenzangu walisema wakataji lazima wametoka mbali. Askari wangeliamini hilo na kwenda zao. Mimi nikataja jina lako, nikawaelekeza mpaka mlango wa karakana yako. Hakuna aliyenilazimisha. Usiku sikulala, na bado nina hasira na wewe, maana umenifanya nimtoe ndugu yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Usikimbie. Mama nitamwambia mimi. Wasalimie watoto, na umwambie wifi asihangaike na unga wala mboga. Wakikufungia, nitakuja Lurambi kila Jumamosi na chakula mpaka utoke.

Ni mimi mdogo wako,
Muhonja