Abiria Aliyeitwa Wa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, bandarini, Kisangani
Ijumaa, 17 Oktoba 2025, saa nne asubuhi

Jina: Lotika Asumani Joëlle
Umri: miaka 26
Kazi: fundi wa kompyuta, ofisi ya boti
Makazi: Mangobo

Mimi ndiye niliyeandika programu ndogo inayotoa orodha ya abiria wa boti za mbao ziendazo Yangambi. Zamani chaguo la --abiria lilipokea jina moja tu kila mara. Jumatatu tarehe 13 karani wetu, Marthe, aliniambia, "Joëlle, nimechoka kurudilia kwa kila mutu. Fanya ipokee majina mingi mara moja." Nikaibadilisha siku hiyo hiyo: baada ya --abiria unaandika majina kadiri utakavyo, ukiacha nafasi kati ya moja na jingine. Nilijaribu na Fiston, Gédéon na Chimène. Ikahesabu watatu. Nikajisifu, nikaenda kula.

Mnamo Jumanne tarehe 14, saa moja asubuhi, nahodha papa Alphonse aliondoka na boti. Marthe aliandika majina kamili ya abiria, kama yalivyo kwenye kadi zao za kura. Saa kumi na moja jioni, huko Yangambi, walihesabiwa watu kumi na wanane wakishuka. Orodha yangu ilisema hamsini na watano.

Jana alasiri papa Alphonse aliporudi alikamatwa kwa madai kwamba amezamisha watu thelathini na saba na kunyamaza. Nilimkuta hapa hana viatu wala mkanda. Ndiye aliyenifundisha kuogelea. Akaniambia, "Mutoto yangu, nilibeba batu kumi na munane. Bote balishuka na miguu yabo." Nilimwamini, lakini programu yangu nayo niliiamini. Hilo ndilo linaloniumiza.

Leo saa mbili asubuhi ofisa alinisomea orodha nzima, jina kwa jina. Akasimama kwenye namba ishirini na tisa. "Huyu Wa, iko nani?"

Hata mimi nilitaka kujua, maana sijawahi kukutana na mtu anayeitwa Wa. Nikaomba kuiona karatasi. Namba 28 Feza, 29 wa, 30 Kalonda, 31 Julie. Mama Feza namfahamu, ni muuza vitenge. Nikampigia simu, akajibu kutoka Yangambi mdomo umejaa lituma, ndizi za kupondwa. Nikamuuliza walisafiri wangapi.

"Na nani? Niko peke yangu, Joëlle."

Hapo nikaelewa. Nafasi ile ile inayotenganisha abiria hutenganisha pia majina ya mtu mmoja. Wengi wetu tuna majina matatu, kwa hiyo kila msafiri aligeuka watatu. Mama Feza na "wa" yake wakawa wanne, ndiyo maana hesabu haikugawanyika kwa tatu, nami sikushtuka. Nilipojaribu nilitumia jina moja moja. Kosa ni langu, si la Marthe.

Nikafungua kompyuta mbele ya ofisa, nikaweka kila jina kamili ndani ya alama za kunukuu. Ikatoa kumi na wanane. Ofisa akaniambia nisubiri, akaandika jina lake mwenyewe bila alama. Jibu: abiria watatu.

"Bon," akasema, "sasa nani kati yetu ataenda kumufungulia muzee?"

Nilicheka, kisha nikalia.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: "Lotika Asumani Joëlle"

Maandishi ya ofisa: Shahidi amesema kwa hiari yake. Abiria wote kumi na wanane wamepigiwa simu, wako hai. Nahodha Alphonse ametoka saa tano na dakika kumi, amerudishiwa viatu na mkanda.

Sahihi: "Likunde Bosongo Arthur", mtu mmoja.